Milango ya slaidi au ya bawaba kwa makabati ya jiko dogo

Jiko letu lina upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 260. Kaunta yenye kina cha sentimita 60 imejengwa upande mmoja, kwa hiyo njia ya kupita imebaki na sentimita 90, na katika njia hiyohiyo ndipo zinapokaa ndoo mbili za maji ya akiba na ndipo anapokaa mkunaji nazi na mbuzi yake. Mlango wa kabati wenye upana wa sentimita 45 ukifunguliwa kwa bawaba huchukua nusu ya njia: aliyekaa kwenye mbuzi ainuke, au anayetaka sufuria asubiri. Kero ya namna hii hujirudia kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na ndiyo inayowafanya watu wengi wenye majiko madogo waanze kuulizia milango ya slaidi, yaani ile inayoteleza kushoto na kulia juu ya reli bila kutokeza mbele ya kabati.

Nimeishi na aina zote mbili, na ninaona kuwa tunaanza na swali lisilotusaidia. Tunauliza ni mlango gani unaookoa nafasi, ilhali jibu lake tunalijua kabla ya kuuliza. Linalofaa kuulizwa ni hili: mlango ukishafunguliwa, mdomo wa kabati unabaki na upana gani, na je, chombo kikubwa kuliko vyote kinachokaa humo kitapita? Kila mlango una mahali unapokula. Ule wa bawaba hula njia, na ule wa slaidi hula mdomo wa kabati pamoja na kina chake. Kwa sababu hiyo siamini katika kuchagua aina moja kwa jiko zima. Uamuzi mzuri hufanywa kabati kwa kabati, futi ya chuma ikiwa mkononi.

Hesabu ya mdomo wa kabati

Tuchukue kabati la chini lenye upana wa sentimita 90 kwa nje, lililotengenezwa kwa mbao za milimita 18. Ukitoa unene wa mbao mbili za ubavuni, ndani hubaki milimita 864. Milango miwili ya bawaba ikifunguka, karibu upana wote huo unakuwa wako, kwa kuwa bawaba za kisasa, zile zinazozamishwa katika tundu la milimita 35, huacha mlango uingie kwenye uwazi kwa kiasi kidogo tu. Milango miwili ya slaidi, kwa upande wake, lazima ipishane katikati ili isiache ufa. Ukiruhusu mpishano wa milimita 30, kila mlango utakuwa na upana wa milimita 447, na ukiusukuma mmoja nyuma ya mwenzake utapata uwazi wa milimita 417. Sufuria ya kawaida ya nyumbani itapita hapo. Beseni kubwa la kuoshea vyombo halitapita, na kila unapotafuta kitu ambacho hukumbuki kiko upande gani, utafungua upande mmoja, utaufunga, kisha utafungua wa pili.

Rudia hesabu hiyo kwa kabati la sentimita 60. Ndani utapata milimita 564, kila mlango utakuwa na milimita 297, na uwazi utakuwa milimita 267 tu. Sufuria la wali la familia halipiti, na mkono wenye sufuria ndogo hupita kwa kujibana. Nimeona makabati ya namna hii katika nyumba za kupanga, ambapo vyombo vya ndani kabisa vimekaa miaka bila kuguswa kwa sababu kuvitoa ni kazi. Kabati jembamba halistahili slaidi hata kama njia ni finyu. Linastahili mlango mmoja mdogo wa bawaba, au droo.

Mambo hugeuka kabati likiwa refu. Kabati la sentimita 120 lina milimita 1164 ndani, milango yake ya slaidi ni ya milimita 597 kila mmoja, na uwazi ni milimita 567, upana unaopitisha karibu kila chombo cha nyumbani. Kabati hilohilo likiwekewa milango miwili ya bawaba, kila mlango utatokeza sentimita 60, na njia ya sentimita 90 itabaki na sentimita 30, ambazo mtu mzima hupita kwa kujipinda. Hapa slaidi inashinda bila ubishi. Unaweza kupunguza kutokeza huko kwa kuweka milango minne membamba ya bawaba, lakini hapo utahitaji nguzo katikati ya kabati ya kushikilia bawaba, na nguzo hiyo nayo inakata mdomo wa kabati.

Wapo wanaopendekeza milango mitatu ya slaidi kwa kabati refu zaidi. Inafaa kujua kwamba milango mitatu kwenye reli mbili hukupa theluthi moja tu ya kabati kwa wakati mmoja. Kupata theluthi mbili unahitaji reli tatu, na kila reli inayoongezwa inapunguza kina cha kabati.

Kina, hasa katika makabati ya juu

Makabati ya juu ndiyo ninayoyatetea zaidi kuwekewa slaidi, na sababu yake ni kichwa. Katika jiko finyu mpishi husimama karibu sana na kaunta, akiinama kukata kitunguu na kuinuka tena, na mlango wa bawaba ulioachwa wazi juu yake unakaa na kona yake usawa wa paji la uso. Mlango wa slaidi ukisahauliwa wazi haumdhuru mtu.

Tatizo ni kina. Kabati la juu mara nyingi hutengenezwa likiwa na kina cha milimita 320 hivi. Toa ubao wa nyuma wa milimita 6, utabaki na 314. Milango miwili ya milimita 18, pengo la milimita 3 kati yake na ukingo mdogo wa mbele na nyuma vitachukua karibu milimita 45. Kinachobaki ni milimita 269, na sahani bapa za chakula nyingi zina kipenyo cha sentimita 26 au 27. Maana yake ni kwamba sahani itaukwaruza mlango kila unaposogezwa, au haitaingia kabisa. Fundi aliyezoea kutengeneza makabati ya bawaba hawezi kuliona hilo kwenye mchoro. Utaligundua wewe siku ya kupanga vyombo.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ya kwanza ni kulifanya kabati liwe na kina cha milimita 350, jambo linalowezekana ikiwa halitakukaribia mno usoni. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoichagua, ni kutumia milango myembamba: plywood ya milimita 6 au kioo cha milimita 5, ambapo milango yote miwili pamoja na mapengo yake huchukua karibu milimita 20 tu. Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye kabati la vyombo sebuleni, lile la vikombe vya wageni, ambalo vioo vyake viwili viliteleza ndani ya mifereji ya mbao na kila kioo kilikuwa na kishimo cha kuingizia kidole. Hakukuwa na gurudumu wala reli ya chuma, na vioo vile viliteleza kwa miaka mingi. Ufundi uleule unaingia jikoni bila shida, mradi kingo za kioo ziwe zimesagwa na kioo kisiwekwe makabati ya chini ambako watoto hugonga na ndoo hupita. Ukitaka kioo kilichoimarishwa kwa moto, vipimo viwe vya mwisho kabla ya kuagiza, kwa sababu kioo cha aina hiyo hakikatwi tena baada ya kuimarishwa. Plywood ya milimita 6 ni nyepesi na haipasuki, ila mlango ukizidi sentimita 60 kwa upana hupinda kwa urahisi, na mlango uliopinda haupishani vizuri na mwenzake.

Reli za aina tatu

Watu wanaosema wamechoshwa na milango ya slaidi, ukiwasikiliza vizuri, mara nyingi wamechoshwa na reli. Hapa ndipo ningekushauri uweke muda wako mwingi na sehemu kubwa ya fedha zako.

Aina ya kwanza ni mfereji uliochimbwa kwenye mbao zenyewe, juu na chini. Kanuni yake ni kwamba mfereji wa juu uwe na kina maradufu ya ule wa chini. Ukichimba milimita 6 chini na 12 juu, mlango ufanywe mrefu kuliko uwazi kwa milimita 10: unauinua hadi unazama juu, unausogeza usimame wima, kisha unaushusha, nao unakaa chini huku juu ukibaki umeshikwa kwa milimita 4. Kuutoa ni kuuinua tena. Wajapani wametengeneza makabati ya vyombo vya jikoni yenye milango inayoteleza kwenye mifereji ya mbao kwa karne nyingi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiona njia hii kuwa ya kubahatisha. Inafaa milango myepesi. Mlango wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18 wenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 70 una uzito wa karibu kilo 5.5, na uzito huo ukiburuzwa juu ya mbao tupu utaula mfereji. Nta ya mshumaa ikipakwa kwenye mfereji inasaidia sana. Mafuta ya kupikia yasipakwe kamwe, kwa kuwa hukusanya vumbi na kugeuka gundi.

Aina ya pili ni reli ya chini yenye magurudumu, na hii ndiyo inayouzwa kwa wingi na inayolalamikiwa kwa wingi. Jiko lina unga, lina chembe za mchele, lina sukari na mvuke wa mafuta, na vyote hivyo huishia mahali pa chini penye kishimo. Punje moja ya mchele inatosha kukwamisha gurudumu, na ukilazimisha, gurudumu linaruka nje ya reli. Sukari nayo inaita sisimizi. Ukiichagua reli hii, kubali kuisafisha kwa mswaki mkuukuu kila wiki, na usiiweke chini ya jiko la kupikia wala karibu na mahali pa kukandia unga.

Aina ya tatu ni mlango unaoning'inia kwenye reli ya juu, huku chini ukiongozwa na kipande kidogo cha plastiki. Kwa makabati ya chini naiona kuwa bora kuliko zote, kwa sababu sakafu ya kabati inabaki bapa na unaweza kuifagia moja kwa moja hadi nje. Ina sharti moja ambalo mafundi hulisahau: ubao unaobeba reli lazima usipinde. Makabati mengi ya chini hayana ubao kamili juu. Yana papi (mbao nyembamba) mbili tu, moja mbele na moja nyuma, kwa kuwa kaunta ndiyo inayofunika. Papi ya mbele ikibebeshwa milango miwili ya kilo tano tano italegea katikati, na milango itaanza kukwaruza sakafu. Agiza ubao mzima, au papi ya mbele iwe nene na isimame kwa ubavu.

Kwa wenye kaunta ya zege yenye vigae, kama zilivyo nyumba nyingi huku kwetu, kuna jambo la kuongeza. Nguzo za matofali zinazobeba kaunta hazinyooki sawasawa, na uwazi unaweza kuwa mpana juu kuliko chini kwa sentimita nzima. Mlango wa bawaba uliofungwa kwenye fremu ya mbao unaweza kurandwa upande mmoja ukakaa sawa. Mlango wa slaidi hausamehi: reli ikiinama kidogo, mlango utajifungua wenyewe kuelekea upande wa chini. Fremu ipimwe kwa pimamaji kabla reli haijafungwa. Mafundi wa aluminiamu, ambao kila siku wanatengeneza madirisha ya slaidi, mara nyingi huifanya kazi hii kwa usahihi kuliko seremala, na milango yao ya fremu ya aluminiamu ni myembamba na haiogopi maji.

Sinki na mtungi wa gesi

Haya ni makabati mawili ambayo nisingeyawekea slaidi. Chini ya sinki langu niliwahi kuweka milango ya MDF kwenye reli ya chini. Kiungo cha bomba la maji machafu kilivuja taratibu, maji yakajikusanya ndani ya reli mahali ambapo macho hayafiki, na kingo za chini za milango yote miwili zikavimba kama mkate uliolowa. Kwa bawaba, mlango ungekaa juu ya maji hayo kwa milimita kadhaa na michirizi ningeiona sakafuni mapema. Isitoshe, bomba la sinki liko katikati ya kabati, palepale ambapo milango ya slaidi hupishana, hivyo fundi bomba hufanya kazi akiwa na nusu ya mdomo tu. Ni kweli kwamba milango ya mfereji hutolewa yote kwa kuinuliwa bila bisibisi, na hilo ni jema kwake kuliko bawaba. Lakini si kila anayefungua kabati la sinki anatoa milango.

Kuhusu gesi nazungumza kwa msisitizo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama chini. Kabati lenye mtungi linahitaji matundu ya hewa, hasa chini, na vali lazima ifikiwe mara moja kwa mkono mmoja. Mlango wa slaidi una tabia ya kuwa upande usiouhitaji: ukiwa umefungua kushoto na mtungi uko kulia, kuna mwendo wa ziada kabla hujaifikia vali. Sitaki mwendo huo uwepo nyumbani kwangu. Pia mtungi wa kilo 15 unapobadilishwa unapita kwa kubebwa na mikono miwili, na mdomo wa nusu kabati humkwaruza anayeubeba. Kama mtungi unaweza kukaa nje ya nyumba na bomba likaingia kupitia ukutani, hilo ni bora kuliko mlango wa aina yoyote.

Droo pia hazipatani na slaidi. Droo iliyo nyuma ya mlango wa slaidi lazima iwe nyembamba kuliko uwazi unaopatikana, na mlango usipofunguka hadi mwisho droo huugonga kwa ubavu.

Hewa ya pwani na mikono ya watumiaji

Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa zina hewa yenye unyevu na chumvi, na aina zote mbili huumia, ila kwa njia tofauti. Bawaba za chuma cha kawaida hupata kutu na skrubu zake hulegea ndani ya MDF, hasa watoto wakizoea kuning'inia kwenye mlango. Dalili yake ni mlango unaolala upande mmoja. Milango ya slaidi ya mbao iliyokazwa sana wakati wa kiangazi hukwama wakati wa masika. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3, tumia magurudumu ya nailoni na reli za aluminiamu, na kingo zote za MDF zizibwe, pamoja na zile za chini zisizoonekana. Anayeweza kupata mninga mkavu kwa ajili ya fremu atapata mbao isiyochezacheza sana majira yakibadilika.

Slaidi haizibi kabisa. Pengo la milimita 3 kati ya milango linatosha kupitisha mende mdogo, na ingawa ukanda wa brashi hupunguza tatizo, unga na sukari, vyovyote iwavyo, viwekwe kwenye makopo yenye vifuniko.

Kwa mzee, mjamzito au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, slaidi ina wema ambao hauonekani katika vipimo: hamlazimu mtu kurudi nyuma ili mlango upite. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kuhamahama, hufungua kabati refu akiwa ameketi kwenye kigoda. Kwa mtoto mdogo, hatari ya slaidi ni vidole kubanwa pale milango inapopishana, kwa hiyo vishikio viwe vya kuzama na vikae mbali na ukingo huo.

Kuhusu gharama, bawaba huuzwa mojamoja katika karibu kila duka la vifaa, na moja ikiharibika unabadilisha hiyo moja. Seti ya reli yenye magurudumu hugharimu zaidi, na aina uliyonunua leo huenda usiikute dukani baada ya miaka mitatu. Nunua magurudumu ya akiba siku ileile. Mfereji wa mbao ndio wa bei ndogo kuliko yote, ukimpata fundi mwenye mashine ya kuchimba mfereji ulionyooka.

Katika jiko letu la sentimita 260, mgawanyo tulioufikia ni huu: sinki lina kabati la sentimita 80 lenye milango miwili ya bawaba, katikati kuna kabati la sentimita 120 lenye slaidi za kuning'inia, na mwisho kuna sentimita 60 za mtungi zenye milango miwili ya bawaba ya sentimita 30 iliyotobolewa matundu juu na chini. Makabati yote ya juu yana vioo vya mfereji. Kabla ya kuagiza chochote, tulikata boksi za karatasi kwa vipimo vya milango, tukazibandika kwa gundi ya karatasi mahali pake, tukapika chakula cha mchana kizima huku mtu akiwa kwenye mbuzi na ndoo zikiwa njiani. Mlango wa sinki, ambao mwanzoni ulikuwa umepangwa kufungukia upande wa ndoo, tuliugeuza siku hiyohiyo. Na fundi tulimwomba jambo moja aliloliona la ajabu kidogo: milango ya slaidi asiikate hadi masanduku ya makabati yawe yamekwisha kufungwa ukutani na kupimwa upya.